Ndege za kivita juu ya viwanja vya Sabasaba: ziliruka kweli, au tunachanganya na 9 Desemba?

#1 Mtoto wa Keko

Salaam wakuu. Kuna jambo linatugombanisha nyumbani kila tukikutana sikukuu. Naomba waliokuwa watoto Dar mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitolee ushahidi.

Nilikuwa sijaanza darasa la kwanza. Baba kanibeba mabegani kwenye viwanja vya maonesho ya Sabasaba, yaani 7 Julai, Barabara ya Kilwa. Watu wamejaa, chini huoni ardhi, unaona vichwa tu. Bendi ya polisi inapiga. Mara wote wakanyanyua nyuso kwa pamoja, na ndege tatu za kivita zikapita chini chini, zimepangana vizuri, moja mbele na mbili nyuma. Zilipopita ndipo mlio ukafika. Nililia sana. Baba akaniziba masikio kwa viganja vyake, hadi leo nakumbuka vilikuwa vinanukia sabuni ya kufulia. Baada ya hapo, upande wa bahari, ikaanza kushuka miavuli na watu wananing'inia.

Kaka yangu mkubwa anasema hakuna Sabasaba hata moja iliyokuwa na ndege za jeshi. Anasema niliyoyaona ni ya sherehe za Uhuru, 9 Desemba, Uwanja wa Taifa. Dada naye anaapa ilikuwa Sabasaba, kwa sababu siku hiyo ndiyo mama alinunua sufuria zilizokaa nyumbani mpaka tukahama Keko. Nyie mnakumbuka nini?

#2 Jirani wa Chang'ombe

Kaka yako yuko sahihi, kesi imekwisha. Ndege zilikuwa za 9 Desemba. Sisi wa Chang'ombe hatukuhitaji hata kuingia uwanjani: unapanda juu ya mwembe, gwaride huoni lakini anga lote ni lako. Sabasaba ilikuwa ya mabanda na biashara. Desemba ndiyo ilikuwa ya jeshi, mizinga na halaiki ya watoto wenye vitambaa vya rangi. Usichanganye mafaili mkuu.

#3 Bi Mtoni

Kesi haijaisha hata kidogo. Jirani, wewe wa Chang'ombe unajua vizuri kwamba kutoka Uwanja wa Taifa hadi viwanja vya Sabasaba ni mwendo wa miguu tu. Tukisema ni kilomita mbili, na ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa, hapo ni kama sekunde tisa. Ikianza kugeuka juu ya Taifa, tayari iko kwetu Mtoni. Kwa hiyo mtoto aliyesimama Sabasaba angeziona, mtoto aliyesimama Taifa angeziona, na mimi niliyekuwa naanua nguo uani Mtoni nimeziona. Mahali hapatusaidii. Tubaki na tarehe.

#4 Chungwa la Muheza

Shikamooni wakongwe. Tarehe inapatikana kirahisi, mbona mnahangaika. Mtoto wa Keko, jibu mawili: siku hiyo ulikula tunda gani, na ulivaa nini? Julai ni kipupwe, kusi linavuma, Dar asubuhi inakuwa na ubaridi na wazazi wanavalisha watoto masweta. Machungwa ya kwetu yanakuwa yamejaa mjini kwa malori. Desemba ni joto la kukata roho, mvua za vuli zimepita au bado zinanyesha, na maembe yako kila kona. Tunda halidanganyi.

#5 Mtoto wa Keko

Asante Chungwa, swali zuri, ila majibu yangu yatakutesa. Sweta nakumbuka: la kijani, lilinibana shingoni, na baba alikuwa amelikunja mikono. Na tunda nakumbuka pia: embe bichi limepasuliwa, limetiwa chumvi na pilipili, nikalidondosha mgongoni kwa baba nilipoanza kulia.

#6 Jirani wa Chang'ombe

Sweta la Julai na embe la Desemba! Hizo ni siku mbili mkuu. Kichwa cha mtoto kimeziunga zikawa moja. Naunga mkono hoja ya kaka yako kwa asilimia zote.

#7 Mkomani

Hamjambo nyote, naandika kutoka Mombasa. Hilo la embe msilifanye shahidi mkuu. Huku pwani mwembe huzaa msimu mkubwa mwishoni mwa mwaka na msimu mdogo katikati ya mwaka. Embe bichi la kukata na pilipili mwezi wa saba hulikosi, hasa lile dogo dogo. Kwa hiyo sweta na embe vyaweza kukaa siku moja bila kugombana.

#8 Chungwa la Muheza

Mkomani umeniharibia kesi, lakini ni kweli, hata Tanga embe la katikati ya mwaka lipo. Sweta linabaki. Nasimama na Julai.

#9 Ngerengere Kwetu

Nimekulia jirani na kambi, niweke sawa upande wa ndege. Ndege tatu zilizopangana miaka hiyo huenda zilikuwa zilizotoka China: F-5 yenye umbo la MiG-17, F-6 yenye umbo la MiG-19, na baadaye F-7 ya umbo la MiG-21. Marubani wetu walikwenda China kujifunza. Kituo chao kikubwa kilikuwa Ngerengere, mkoani Morogoro, na kutoka pale hadi Dar kwa ndege ya aina ile ni dakika chache sana. Tulikuwa tunajua sherehe imekaribia kwa sababu zilianza kuruka mapema asubuhi, kila siku, zikielekea mashariki, na walimu wanasimamisha somo mpaka zipite.

Miavuli ni habari nyingine. Mtu haruki kutoka kwenye ndege ya kivita. Wale walishushwa na ndege za mizigo zenye injini za panga, Caribou na Buffalo, ambazo asili yake ni Canada. Mtoto wa Keko, unaikumbuka ndege kubwa yenye mlio mzito, inakwenda taratibu?

#10 Dereva wa Ikarus

Mkuu Ngerengere, kwani zile hazikuwa MiG za Mrusi? Mzee wangu siku zote alisema "MiG za Mrusi zimepita".

#11 Ngerengere Kwetu

Nyingi zilikuwa ubunifu wa Mrusi, kiwanda cha Mchina. Mzee wako alitambua umbo, na umbo ni lilelile. Ukisimama chini huwezi kuzitofautisha.

#12 Mtoto wa Keko

Ngerengere, ndege kubwa siikumbuki kabisa. Miavuli naikumbuka imeshaning'inia tu, haina ilipotokea.

#13 Fundi Redio

Habari za jioni. Nina maelezo mengine na naomba msinirukie. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Mtoto wa Dar wa miaka ya 1980 aliiona televisheni wapi? Wengi wetu tuliiona Sabasaba. Mabanda ya nchi za nje yalikuwa yanaweka seti, wakati mwingine na projekta, wanaonyesha filamu za viwanda vyao, matrekta, viwanja vya ndege, na jeshi lao likifanya gwaride. Mimi nilisimama mbele ya seti moja mpaka nikaachwa na wenzangu, na nilichoangalia ni ndege zikipita juu ya mji wenye barafu. Kwa miaka mingi nilikuwa nasimulia wenzangu kwamba nimeona ndege za kivita Sabasaba, na sikuwa nasema uongo: niliziona Sabasaba. Miavuli isiyo na ndege, mkuu, hiyo ni filamu. Filamu inakata, inaleta picha nyingine.

#14 Mtoto wa Keko

Fundi, hoja nzito. Lakini seti ya televisheni haitetemeshi kifua. Mlio ule niliusikia mbavuni.

#15 Mpemba wa Mjini

Nyinyi wa Bara mna huzuni kweli, televisheni hadi 1994! Sisi Zanzibar tulikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wanakaa mtaani kwenye seti za kijamii wanaangalia pamoja. Hapo nimewashinda, tuendelee.

Kwetu mambo ya ndege na gwaride ni 12 Januari, Mapinduzi, uwanja wa Amaan. Na furaha ya mtoto ni Sikukuu, Mnazi Mmoja: bembea za mbao zinazungushwa kwa mikono, watoto wamevaa nguo mpya, mifuko imejaa pesa za sikukuu za kutoka kwa mashangazi. Nikwambie jambo, Mtoto wa Keko: mimi nakumbuka ndege ikipita juu ya bembea ya Mnazi Mmoja nikiwa juu kabisa, miguu inaning'inia. Nilimuuliza mama. Akasema ndege ya abiria, inakwenda kutua Kisauni, zinapita kila siku. Nilikuwa nimeikuza kwa sababu nami nilikuwa hewani.

#16 Bi Mtoni

Mpemba, hiyo ya "nami nilikuwa hewani" imenigusa. Mtoto wa Keko naye alikuwa mabegani kwa baba.

#17 Dereva wa Ikarus

Mpemba kafungua njia. Labda zilikuwa ndege za abiria tu zinatua Kipawa? Air Tanzania, iliyoanza 1977 baada ya East African Airways kufa, ilikuwa na Boeing 737 na Fokker, na twiga mkiani. Boeing 737 zile za kwanza zilikuwa na kelele kuliko za sasa.

#18 Jirani wa Chang'ombe

Hapana Dereva. Ndege inayotua Kipawa kutokea upande wa mjini inashukia juu ya Vingunguti na Buguruni. Haiji Barabara ya Kilwa. Na ndege tatu za abiria hazipangani hewani.

#19 Kwelea

Mimi nimetoka Dodoma, na kwetu Sabasaba ilikuwa ya mkoa, tena enzi hizo ndiyo ilikuwa Sikukuu ya Wakulima, kabla wakulima hawajahamishiwa 8 Agosti, Nanenane. Kumbukeni hilo, kwa sababu watoto wa leo wanadhani Sabasaba ilikuwa ya wafanyabiashara tangu mwanzo. Asili yake ni 7 Julai 1954, chama cha TANU kuzaliwa, na baadaye mkulima akapewa siku hiyo.

Sasa basi: Wizara ya Kilimo ilikuwa na kitengo cha Kilimo Anga, ndege ndogo za kunyunyizia sumu ya kwelea kwelea. Ndege ile inaruka chini kuliko ndege yoyote nyingine utakayoiona maishani. Nimelala kifudifudi kwenye shamba la mtama la bibi, ikapita, mtama ukalala wote upande mmoja, na harufu ya dawa ikabaki hadi jioni. Tulikatazwa kuokota ndege waliokufa, na tuliokota. Kwa mtoto aliyeona kitu kile kwenye kiwanja cha maonesho, nani atamwambia haikuwa ndege ya kivita? Inanguruma, inashuka, inapanda kwa ghafla juu ya miti. Mimi nasema mtafute huko kwenye kilimo.

#20 Ngerengere Kwetu

Kwelea, nakuheshimu, lakini ya panga na ya jeti huwezi kuzichanganya. Ya panga unaisikia inakuja tangu mbali. Ya jeti unaiona kwanza. Mleta uzi kasema mlio ulifika zikishapita.

#21 Mwalimu wa Fizikia

Nimeitwa na mada. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Ndege ya kilomita 800 kwa saa inakwenda zaidi ya mita 220 kwa sekunde. Ikipita juu ya kichwa chako kwenye kimo cha mita 300, sauti iliyotoka wakati iko wima juu yako inakufikia baada ya karibu sekunde moja, na wakati huo ndege iko mita 200 mbele. Kwa hiyo macho yako yanaangalia mbele na mlio unatokea juu ya kichwa chako, mahali pasipo na kitu. Hicho ndicho kinachotisha watoto. Ushahidi wa Mtoto wa Keko kwamba zilipita kwanza ni ushahidi mzuri sana wa jeti, na mtoto wa miaka mitano asingeweza kuubuni.

#22 Jirani wa Chang'ombe

Mwalimu, zile zilikuwa zinavunja ukuta wa sauti. Vioo vya dirisha vilitikisika mtaa mzima.

#23 Mwalimu wa Fizikia

Vilitikisika, ila si kwa sababu hiyo. Kuvuka kasi ya sauti karibu na usawa wa bahari unahitaji zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa. Ndege ya umbo la MiG-17 haifiki hapo ikiruka mlalo, labda ikiwa inapiga mbizi kutoka juu. F-6 inaweza ikiwa juu sana, lakini hakuna anayefanya hivyo juu ya mji uliojaa watu. Vioo vilitikiswa na ngurumo ya kawaida ya injini ya jeti ya kizamani, ambayo haina kitu chochote cha kupunguza kelele.

#24 Nyota ya Mrima

Na moshi wa rangi za bendera je? Mimi nakumbuka kijani, njano, nyeusi na buluu angani.

#25 Mwalimu wa Fizikia

Moshi wa rangi hutengenezwa kwa kumwaga mafuta yaliyochanganywa na rangi kwenye hewa ya moto inayotoka kwenye injini. Kijani, njano na buluu vinawezekana. Nyeusi haihitaji ufundi, injini zile za zamani zilitoa moshi mweusi zenyewe.

#26 Bi Mtoni

Sasa na mimi nitoe langu, maana nimekaa nalo tangu asubuhi.

Mimi nilipotea Sabasaba. Nilikuwa nimeshika gauni la shangazi kwenye foleni ya banda la Maliasili, tunataka kuona simba. Foleni ikasukumana, nikainua uso, gauni nililoshika ni la mama mwingine kabisa. Yeye akacheka, akanipeleka kwa askari. Wakaniweka kwenye hema na watoto wengine waliopotea, tumekaa kwenye mkeka, mmoja mmoja anatangazwa kwenye kipaza sauti: mtoto wa kike, gauni jekundu, ametaja jina la mama yake kuwa ni Mama. Kila mtoto alitaja jina la mama yake kuwa ni Mama. Yule askari aliandika kwa subira kwenye daftari, aliwahi hata kumfunga mtoto mmoja kamba za viatu huku anaandika.

Tukiwa pale hema likatikisika kwa ngurumo, watoto wote tukalia kwa pamoja, na askari akatutoa nje kutuonyesha kwamba si kitu kibaya. Niliona mikia tu ya ndege, inaelekea Kigamboni. Ngapi siwezi kusema. Lakini ilikuwa Sabasaba, kwa sababu simba hawakuwa wanaletwa Uwanja wa Taifa tarehe 9 Desemba. Jirani, hapo nijibu.

#27 Jirani wa Chang'ombe

Dada yangu Bi Mtoni, simulizi imenigusa kabisa, na askari yule Mungu ambariki popote alipo. Lakini kuna mazoezi. Jeshi lilikuwa na shughuli zake nyingine, 1 Septemba ni siku yake ya kuzaliwa tangu 1964, na marubani hawafundishwi Desemba tu. Inawezekana kabisa ndege zilipita Julai katika kazi zao na umati wa Sabasaba ukadhani ni sehemu ya maonesho.

#28 Bi Mtoni

Yaani sasa umekubali zilipita Julai. Asante.

#29 Jirani wa Chang'ombe

Nimekubali zilipita. Sijakubali zilialikwa.

#30 Mkomani

Huku Kenya jambo hili lina njia ya kulipimia. Mimi mdogo wenu nilipelekwa shoo ya kilimo Mkomani kila mwezi wa nane, shule zikifungwa. Chama kinachoandaa shoo hizi, ASK, asili yake ni 1901, kwa hiyo hata babu alikwenda. Ng'ombe wa maziwa waliooshwa wakang'aa, mahindi marefu kuliko baba, na lile pipa kubwa la mbao ambamo mwanamume anazunguka na pikipiki ukutani mpaka anakufikia pale juu ulipoinamia, unasikia upepo wa tairi usoni. Mbao zinalia. Mtoto unashika mkono wa dadako mpaka unauma.

Ndege za jeshi niliziona Nairobi, sherehe za Jamhuri, 12 Desemba. Nilichofanya kuujua mwaka ni kutafuta tukio kubwa lililo karibu. Tarehe 1 Agosti 1982 lilitokea jaribio la mapinduzi, na baada yake Jeshi la Anga likavunjwa na kuundwa upya. Baba alikuwa akisema "tulikwenda kabla ya mambo yale". Basi yangu ni kabla ya 1982, na Kenya ilikuwa na F-5 za Marekani, si zile za Mchina zenye jina hilo, tangu 1978. Nikabana hapo katikati. Mtoto wa Keko, nyumbani kwenu kulikuwa na "kabla ya" ipi?

#31 Mtoto wa Keko

Mkomani, hili swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Nyumbani kwetu kulikuwa na "baada ya vita". Mjomba alikuwa Kagera, vita dhidi ya Uganda. Mama akisimulia siku ya sufuria anasema "mjomba wako alikuwa amesharudi, ndiye aliyezibeba".

#32 Ngerengere Kwetu

Hapo sasa! Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na hadi mwanzoni mwa Juni mapigano yalikuwa yamekwisha. Sabasaba iliyofuata ni Julai 1979, wiki chache tu baadaye. Kama kuna Sabasaba moja ambayo nchi ingetaka kuona ndege zake juu ya kichwa, ni hiyo. Mtoto wa Keko, una umri gani?

#33 Mtoto wa Keko

Nimezaliwa 1976. Julai 1979 nilikuwa na miaka mitatu.

#34 Fundi Redio

Miaka mitatu hakumbuki sweta, embe, sabuni na bendi vyote kwa pamoja. Kaambiwa. Katika familia, hadithi ya mjomba aliyerudi vitani inasimuliwa mara nyingi sana, na mtoto anaingia ndani yake. Tena wanajeshi wengi hawakurudi 1979, walibaki Uganda muda baada ya vita. Mjomba anaweza kuwa alirudi 1980 au 1981. "Baada ya vita" ni mlango mpana.

#35 Kwelea

Fundi, usimvue mtu kumbukumbu yake. Mimi nina kumbukumbu ya miaka mitatu, ya moto ulioteketeza ghala, na hakuna aliyenisimulia kwa sababu nilikuwa peke yangu na bibi.

#36 Nyota ya Mrima

Tuongelee sufuria kidogo, maana naona mnazipita. Mnaosoma mkiwa wadogo hamuwezi kujua sufuria ya 1981 ilikuwa na uzito gani. Duka la serikali la RTC unakuta rafu tupu, unapanga foleni ya sabuni hujui kama itakufikia. Sabasaba viwanda vyetu vilikuwa vinaleta bidhaa na kuuza palepale kwenye banda. Mama zetu hawakwenda kutembea, walikwenda na fedha zilizofungwa kwenye pindo la khanga tangu mwezi wa tano. Vitenge vya Urafiki, betri na redio za National, viatu vya Bora, baiskeli ya Swala kwa mwenye bahati. Mama yangu alipata doti mbili za khanga akazibeba kifuani njia nzima kwenye basi la Ikarus, watu wamebanana, hakushika bomba, alikuwa anaegemea watu. Siku ya namna hiyo mama hawezi kuisahau tarehe. Kwa hiyo dada wa Mtoto wa Keko ndiye shahidi ninayemwamini: sufuria zilinunuliwa Sabasaba, tarehe 9 Desemba hakuna aliyekuwa anauza sufuria uwanjani.

#37 Dereva wa Ikarus

Nyota umenirudisha mbali. Lile basi refu la UDA lenye kiungo katikati, kumbakumba, sisi watoto tulikuwa tunagombania kusimama pale kwenye kiungo, sakafu inazunguka basi likikata kona ya Bendera Tatu. Siku za Sabasaba lilikuwa linajaa hadi mlango haufungi.

#38 Chungwa la Muheza

Swali dogo nje ya mada: Maonesho haya yalianza mwaka gani hasa? Nimesoma mahali 1977 na mzee wangu anasema alikwenda miaka ya 1960.

#39 Kwelea

Wote wako sahihi. Maonesho ya kimataifa ya sasa yana hesabu yake: ya 45 yalifanyika 2021, ukirudi nyuma mwaka kwa mwaka unafika 1977. Lakini sherehe na maonesho ya Sabasaba yalikuwepo kabla ya hesabu hiyo, kwa jina la TANU na wakulima. Mzee wako hakukosea.

#40 Mwalimu wa Fizikia

Nirudi kwenye miavuli, kuna jambo linanisumbua. Julai ni kusi, upepo unavuma kwa nguvu kutoka kusini, hasa mchana. Mwavuli wa jeshi wa miaka ile ni wa duara, hauongozwi kirahisi, na unashuka mita tano au sita kwa sekunde. Upepo ukiwa na kasi hiyo hiyo, mtu aliyeruka mita 300 juu anasukumwa mita 300 pembeni. Pembeni ya viwanja vya Sabasaba kuna nini? Mkondo wa Mtoni, mikoko na matope. Kamanda makini angesita. Uwanja wa Taifa, Desemba, upepo umetulia, una nyasi katikati. Kwa ndege nakubaliana na Bi Mtoni. Kwa miavuli nipo na kaka mtu.

#41 Jirani wa Chang'ombe

Mwalimu, nilikuwa nakusubiri. Siku mbili! Ndege za Julai, miavuli ya Desemba. Nilisema tangu #6.

#42 Bi Mtoni

Jirani, wewe ulisema #2 kesi imekwisha na hakuna ndege Sabasaba. Wasomaji wapande juu wakasome.

#43 Ngerengere Kwetu

Hoja ya upepo nzuri, lakini askari wa miavuli wanaruka asubuhi mapema kabla kusi halijaamka. Na kushukia matopeni ni jambo walilofunzwa. Mtoto wa Keko, jua lilikuwa upande gani?

#44 Mtoto wa Keko

Nimempigia mama usiku huu, yuko Mbagala. Nimemuuliza bila kumpa majibu. Kasema: ndege ndiyo, zilipita, na nilimkojolea baba shingoni, jambo ambalo miaka yote hakuna aliyewahi kuniambia. Miavuli kasema hakuiona, ila yeye alikuwa ndani ya banda la Karume kwenye foleni ya sufuria, alisikia watu wanashangilia nje na hakutoka kwa sababu angepoteza nafasi. Nikamuuliza mwaka. Akasema "mwaka ule sukari ilikuwa haipatikani". Jua sikumuuliza.

#45 Nyota ya Mrima

Mwaka sukari ilikuwa haipatikani! Hapo kakutajia miaka mitano yote. Msalimie sana mama, na muulize kama foleni ile ilikuwa ya asubuhi, kwa sababu sufuria zilikuwa zinaisha kabla ya adhuhuri.

#46 Dereva wa Ikarus

Na mjomba je, bado yupo? Aliyebeba sufuria alikuwa nje, si ndani ya foleni. Yeye ndiye aliyekuwa anaangalia juu.

#47 Mtoto wa Keko

Yupo, anaishi Kibaha. Simu yake huwa haipatikani usiku, nitampigia asubuhi.

#48 Jirani wa Chang'ombe

Muulize kwanza kama miavuli aliiona kwa macho yake au kasikia watu wanashangilia. Usimtajie Sabasaba wala Desemba, mwache aseme mwenyewe.